Zizi lisilo na majani kwa poni mwenye laminitisi: mchanga, changarawe au vipande vya miti?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina poni, yaani farasi wa umbo dogo, dume aliyehasiwa, ana miaka 14 na uzito wa kilo 220 hivi. Ameugua laminitisi, ule ugonjwa wa kwato, mara mbili katika miaka miwili. Vipimo vya damu vilionyesha insulini iko juu, na daktari wetu wa mifugo amekataza kabisa majani mabichi. Huu ni mwezi wa pili hachechemei wala hatumii dawa ya maumivu. Hana viatu vya chuma, na eksirei ya mwisho ilionyesha wayo wa kwato za mbele una unene wa milimita 9. Nataka kumtengenezea zizi la nje la mita 10 kwa 20. Udongo wangu ni mfinyanzi, mvua ikinyesha ni matope matupu. Jirani anasema nisijisumbue, nimwache ale majani yote mpaka zizi libaki udongo. Nimwage nini: mchanga, changarawe au vipande vya miti? Na je, lazima nijaze zizi zima?

Jibu: Ndugu msomaji, nimefurahi kusikia kwamba poni ametimiza mwezi wa pili bila dawa. Nakushukuru pia kwa kunitajia unene wa wayo, maana kipimo hicho ndicho kinachoamua mengi katika haya yote. Kwa poni huyu, na kwato hizi alizonazo leo, mimi ningemwaga mchanga sehemu kubwa ya zizi, ningeweka mikeka ya mpira pale anapolia, na changarawe ningeijaribu kwenye kipande kidogo tu kwanza. Vipande vya miti ningeviacha. Lakini kabla ya vyote hivyo, pesa yako ya kwanza iende kwenye msingi, chini ya hicho utakachomwaga.

Nianze na ushauri wa jirani, kwa sababu wengi huufuata na wanyama wengi wameumia kwa ajili yake. Zizi lililoliwa mpaka udongo ukaonekana bado lina majani. Mizizi iko hai, na kila usiku huchipua vichipukizi vifupi ambavyo wewe huvioni ukiwa umesimama, ila poni anaviona. Jani fupi lililokanyagwa, lililokosa maji au lililopigwa na baridi ya usiku huweza kuwa na sukari nyingi kwa uzito wake kuliko jani refu lililokomaa. Poni mwenye njaa atayang'oa pamoja na mizizi yake na udongo wake, kwa hiyo unamwongezea sukari na mchanga tumboni kwa mpigo mmoja. Kwa mnyama ambaye insulini yake hupanda kwa sukari kidogo tu, hilo linatosha kurudisha ugonjwa. Ukisema zizi halina majani, basi liwe halina kweli: udongo wa juu umeondolewa, mizizi imeondolewa, na kinachochipua pembeni kinang'olewa kila wiki.

Sasa twende kwenye ukwato wenyewe. Mfupa wa mwisho wa mguu umening'inia ndani ya ukwato kwa tabaka nyembamba za nyama zilizoshikana na ukuta wa ukwato. Laminitisi hulegeza mshikamano huo, na mfupa huweza kuzunguka ncha ikaelekea chini, au kuzama wote. Hata baada ya maumivu kuisha, mshikamano haurudi kwa siku moja. Ukuta mpya wa ukwato hushuka polepole kutoka juu, na katika sehemu ya mbele hiyo ni kazi ya miezi tisa hadi mwaka mzima. Katika muda huo unataka uzito ubebwe kidogo na ukuta, na zaidi na sehemu ya nyuma ya wayo pamoja na ile pembetatu laini iliyo katikati. Ardhi ngumu iliyo tambarare huubebesha ukuta karibu kila kitu. Ardhi inayokubali umbo la ukwato hugawa mzigo. Hiyo ndiyo sababu ya kushughulika na kitu cha kumwaga, zaidi ya kuzuia majani.

Milimita 9 ni wayo mwembamba. Kwa farasi mwenye kwato nzuri tunapenda kuona kama milimita 15. Poni wako anatembea vizuri mahali palipo laini, lakini jiwe moja lenye ncha likimkuta penye ugumu linaweza kumwachia mvilio wa damu, kisha jipu, na utarudi kwenye banda kwa wiki kadhaa ukidhani laminitisi imerudi.

Kuhusu msingi. Mfinyanzi ukimwagiwa mchanga juu yake bila kitu katikati, mvua za msimu mmoja zinatosha kuuchanganya wote ukawa tope jipya la bei ghali. Ondoa udongo wa juu kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Ardhi iliyobaki ipe mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na kwa zizi la umbo lako ni afadhali uinamishe upande wa mita 10, maana ni rahisi kwa maji kutoka njia fupi. Tandaza kitambaa cha ujenzi, kile kinachopitisha maji na kuzuia udongo usipande, huku vipande vikipishana angalau sentimita 30. Juu yake mwaga kokoto zilizopondwa, sentimita 15, uzishindilie. Kisha kitambaa cha pili, halafu ndiyo uweke mchanga. Kitambaa hicho cha pili watu hukiruka ili kubana matumizi. Mimi nisingekiruka, kwa sababu bila hicho mchanga unapotelea kwenye kokoto na kokoto zinapanda juu, tena ni zile zenye ncha. Zungushia mbao au magogo pembezoni ili ulichomwaga kisitawanyike, ukiacha upenyo wa maji upande wa chini, na hakikisha uso wa zizi umekaa juu kidogo kuliko ardhi inayouzunguka. Maji ya paa la banda yaelekezwe kwingine kwa mfereji. Nimeona mazizi yaliyojengwa kwa uangalifu mkubwa yakiharibiwa na paa moja linalomwaga maji yake yote langoni.

Mchanga nimeuchagua kwa sababu tatu. Unajaa chini ya wayo na kuubeba wote. Unaruhusu ncha ya ukwato kuzama kidogo poni anaponyanyua mguu, na hivyo ule mvuto unaochana tabaka za mbele hupungua. Tena ni laini kiasi cha kumshawishi alale, na poni mwenye laminitisi anayelala vya kutosha anazipumzisha kwato kuliko kwa njia nyingine yoyote. Kina cha sentimita 10 kinatosha mahali pa kutembea. Pale anapopenda kulala, ongeza mpaka 15. Usizidishe zizi zima, maana mchanga mkavu wenye kina kirefu huchosha kano, na poni aliyekaa banda muda mrefu kano zake hazina mazoezi.

Si kila mchanga unafaa. Unataka mchanga mkubwa kiasi, uliooshwa, usio na udongo. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, tikisa kwa nguvu, uache utulie. Maji yakibaki na rangi ya udongo kwa saa nyingi, au ukaona tabaka la tope juu ya mchanga, mwambie muuzaji hapana: huo utashikana kama sakafu wakati wa jua na kutoa vumbi linalomkohoza. Mchanga wa baharini nao una chumvi, na poni ataulamba. Hata kwenye mchanga mzuri, mpe jiwe la chumvi la kulamba ili asiutafute ardhini.

Hapo tumefika kwenye hatari kubwa ya mchanga, nayo ni tumbo. Poni anayeokota mabaki ya hei, yaani majani yaliyokaushwa, kutoka mchangani humeza mchanga kila siku, na ule hukaa chini kwenye utumbo mpana mpaka ulete kuhara, kukonda, au msokoto wa tumbo unaoweza kuua. Kwa hiyo asile kamwe juu ya mchanga. Tenga sehemu ya mita 3 kwa 4 hivi, iwe kwenye msingi ulioshindiliwa vizuri, uitandike mikeka mizito ya mpira, na uizungushie ubao wa chini ili mchanga usiingie. Hei iwekwe kwenye wavu wa matundu madogo au ndani ya sanduku, na mikeka ifagiliwe kila siku. Poni asiyevaa viatu wavu unaweza kuwekwa chini ndani ya sanduku. Anayevaa chuma asiwekewe hivyo, kwa sababu mguu hunasa. Mara moja kwa wiki au mbili chukua donge sita hivi za mavi yaliyo juu, yasiyogusa ardhi, uyatie kwenye mfuko unaoonyesha ndani, ujaze maji, uponde, uning'inize mfuko kwa nusu saa. Mchanga hutua chini. Ukiuona, mpigie daktari akupe mpango wa kuusafisha utumbo. Usipouona, endelea kupima. Mavi safi ya leo hayathibitishi kwamba utumbo ni mtupu.

Kwa hei yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa hukuuliza, ila zizi bila mpango wa chakula halitamponya. Poni wa kilo 220 anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 ya uzito wake, yaani kilo 3.3, ambayo ukihesabu unyevu mdogo uliomo kwenye hei ni kama kilo 3.7 kwa siku. Tafuta hei iliyopimwa, yenye sukari na wanga chini ya asilimia 10 hadi 12. Kuiloweka hupunguza sukari, lakini matokeo hutofautiana sana kati ya hei na hei, na madini nayo huondoka na maji. Na tafadhali, usimshindishe njaa ili akonde haraka. Mwili wa poni mnene ukikosa chakula humwaga mafuta kwenye damu, na hali hiyo ni ya hatari kubwa.

Changarawe. Ninaposema changarawe hapa nakusudia vijiwe vya mviringo vya mtoni, milimita 6 hadi 10, vilivyooshwa, visivyochanganywa na mchanga wala vumbi. Hiyo ni ardhi nzuri sana kwa kwato, na kwa eneo lenye mvua nyingi hakuna inayoishinda kwa kupitisha maji. Vijiwe huviringika chini ya wayo, huukanda, huuchochea kunenepa, na ukwato hubaki mkavu. Maponi wengi hulala juu yake kwa raha, jambo ambalo huwashangaza wenye nao. Siri yake iko kwenye kina. Sentimita 10 hadi 15 za vijiwe huhama mnyama anapokanyaga. Sentimita 3 juu ya msingi mgumu hazihami, zinabaki kuuchoma wayo. Wengi wanaosema changarawe ilimuumiza mnyama wao waliimwaga nyembamba, au waliuziwa kokoto zilizopondwa kwa jina la changarawe.

Basi kwa nini nisikupe changarawe zizi zima? Ni kwa ajili ya zile milimita 9, na kwa ajili ya mstari mweupe, yaani mpaka kati ya ukuta na wayo. Baada ya laminitisi mstari huo hutanuka, na vijiwe vidogo hujibana humo na kupanda juu mpaka vinaleta jipu. Mchanga nao huingia humo, ila jiwe hubana zaidi. Kwa hiyo tenga mita 3 kwa 3 karibu na maji, weka kina cha sentimita 15, ambacho ni kama mita moja na theluthi ya ujazo tu, umtazame. Akipita humo bila kufupisha hatua, akasimama humo kwa hiari yake, umepata jibu kutoka kwa mwenyewe. Miezi sita ijayo, eksirei ikionyesha wayo umenenepa na fundi wa kwato akiridhika na mstari mweupe, panua kipande hicho. Kuokota mavi kwenye vijiwe ni kazi ngumu zaidi, uma wake uwe na meno yaliyokaribiana.

Vipande vya miti huwavutia watu kwa sababu vinapatikana kirahisi na siku ya kwanza vinapendeza. Mahali pakavu vinaweza kufaa kwa muda. Kwako, juu ya mfinyanzi na mvua, vitanyonya maji na mkojo, vitaoza, na baada ya msimu au miwili utakuwa na mbolea ya sentimita 20 ya kuondoa kwa toroli kabla hujaweka nyingine. Kwato zinazoshinda kwenye unyevu huo hulainika, na ile pembetatu ya katikati huoza na kunuka. Ukungu wake nao huwasumbua wenye mapafu mepesi kuumia. Ila sababu yangu kubwa zaidi ni kwamba mara nyingi muuzaji hajui ni mti gani alioupasua. Maranda ya mjozi mweusi, Juglans nigra, huleta laminitisi kwa farasi aliyesimama tu juu yake, tena ndani ya saa 24, bila hata kula. Oleanda, kile kichaka cha maua ya mapambo, majani yake machache yanaua. Mbao zilizopakwa dawa na za samani kuukuu huja na sumu na misumari. Kama huwezi kumuuliza aliyeukata mti akakujibu kwa jina la mti, usilete kitu chake karibu na poni huyu.

Mengine niyapitie haraka. Kokoto zilizopondwa zifanye kazi chini ya kitambaa tu. Zege ni la mahali pa kusafishia kwato. Mpira wa matairi uliosagwa nimeukataa kwa waya zinazobaki ndani na kwa kuwa poni wengine huutafuna, na kwenye jua kali huunguza. Mikeka ya mpira nayo hupata joto na kuteleza ikilowa, hivyo ichague yenye mikwaruzo juu na uiweke kivulini.

Uliuliza kama lazima ujaze zizi zima. Hesabu ni hii: mita 10 kwa 20 kwa kina cha sentimita 10 ni mita 20 za ujazo, na mchanga hukaribia tani 1.6 kwa kila mita, kwa hiyo ni tani 32, mbali na mita 30 za kokoto za msingi. Kama ni nyingi mno kwa sasa, usipunguze kina wala usiruke msingi. Punguza eneo. Jenga nusu ya zizi, mita 5 kwa 20, kwa ukamilifu, na nusu nyingine uifungie nje kwa uzio mpaka utakapoweza. Nimependekeza mita 20 zibaki kwa makusudi: zizi refu na jembamba humtembeza kuliko la mraba, hasa ukiweka hei mwisho mmoja na maji mwisho wa pili. Mwendo wa hiari, kwa mnyama aliyepona maumivu, huusaidia mwili kutumia insulini vizuri. Kivuli na mahali pa kujikinga na mvua visikosekane, na mwenzake awe mahali anapoweza kumwona na kumgusa.

Kuna kitu kimoja nje ya zizi ambacho husahauliwa. Poni atapitisha kichwa chini ya uzio na kula kila kinachofikiwa na shingo yake, na shingo hiyo hufika mbali kuliko unavyofikiri. Safisha ukanda wa mita moja na nusu kuzunguka zizi lote, au weka uzi wa umeme kwa ndani kwa kimo cha kifua na mwingine chini yake. Nyasi zilizokatwa zisirundikwe karibu. Wageni nao waonywe, maana mtu mmoja mwenye huruma na kiganja cha majani hukatisha kazi ya miezi.

Kabla hajaingia, pata ruhusa ya daktari wako anayemwona kwa macho. Siku ya kwanza iwe nusu saa, asubuhi au jioni, poni akiwa tayari ameshakula ili asianze kwa kuchimbachimba mchanga. Wiki ya kwanza usivuke saa mbili kwa siku, kisha uongeze kidogo kidogo. Kama una viatu vya mpira vya kuvalisha kwato, mvalishe mbele kwa siku hizo za mwanzo, na uvivue usiku vikauke. Chokonoa kwato kila jioni, uangalie mstari mweupe kwa mwanga mzuri.

Kila asubuhi kabla hujamtoa, weka vidole nyuma ya kifundo cha mguu wa mbele, kwenye pande zote mbili, uusikie mshipa. Fanya hivyo tangu leo, akiwa mzima, ili vidole vyako vijue mapigo yake ya kawaida yalivyo hafifu. Siku utakayoyasikia yakigonga kwa nguvu, au ukakuta kwato zina joto linalodumu, au akageuka kwa tabu, au akaegemeza uzito nyuma, usisubiri kuona kama atachechemea. Mwache bandani kwenye maranda mengi, sentimita 20 au zaidi mpaka mlangoni, umpe maji na hei yake ileile, na mpigie daktari saa hiyohiyo.